Nani Alimvalisha Kapteni

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo birika lake bado lina uvuguvugu, mwanamke aitwaye Tusekile aliishi na mume wake, Mwalimu Ambokile, katika mji wa baridi ulio mlimani. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwao lilikuwa hili: Tusekile alikuwa akimenya viazi, mume wake akisahihisha mitihani kwenye meza ileile, na kati ya viazi na mitihani kulikuwa na picha.

Picha ilikuwa ya mchezo aliotunga Tusekile. Watu hukaa mezani, kila mmoja huchukua kadi ya shujaa wake, mmoja husimulia safari, na wengine hurusha dadu kujua kama upanga umepata au umekosa. Wanaume katika kadi walivaa chuma tangu utosini hadi kisiginoni. Kiongozi wao, Kapteni wa Lango, alikuwa mwanamke. Mchoraji alimvika vikombe viwili vya chuma kifuani, mkanda kiunoni, na viatu virefu. Tumbo wazi. Mapaja wazi. Nyuma yake mvua ya mawe ilikuwa ikinyesha.

"Huyu atakufa kwa mshale wa kwanza," alisema Tusekile.

Mume wake hakuinua kichwa. "Ni picha tu, mke wangu."

Tusekile alicheka, akaandika kitu katika daftari lake, akabandika viazi. Viazi havikuliwa. Kabla havijaiva alianguka, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki.

Baada ya matanga Mwalimu alifungua daftari. Kanuni za mchezo zilikuwa zimekamilika. Mstari wa mwisho ulisema: "Kapteni ataitwa kwa jina la mtu atakayemvalisha." Mwalimu akaamua kuumaliza mchezo. Maneno aliyoyasikia mezani hakumwambia mtu.

Jumamosi moja aliwaita wanawake wanne waujaribu. Wa kwanza akaitazama kadi ya Kapteni, akachukua ya mpiga mishale mwenye ndevu. Wa pili akaitazama, akachukua ya mhunzi mwenye ndevu. Wa tatu akaitazama, akachukua ya mganga, naye alikuwa na ndevu. Wa nne, Sekela, mlinzi wa ghala la mchele, akabaki na Kapteni.

"Jamani," akasema Sekela, "mimi kulinda ndiyo kazi yangu. Nikienda lindoni hivi, bosi atanifukuza kabla mwizi hajafika."

Akatoa kalamu ya biki mfukoni, akamchorea Kapteni koti palepale, juu ya picha halisi. Nakala haikuwepo.

Gwamaka, mchoraji wa kadi, aliyekuja kutazama, aliruka kutoka kitini. "Dada! Umeharibu kazi ya wiki tatu!"

"Na wewe umemwacha mwenzio kwenye mvua ya mawe wiki tatu!"

Watu walicheka. Gwamaka hakucheka. "Hiyo ni nguo ya vita. Wachoraji wote wanaichora hivyo. Chuma ni chuma."

"Basi twende kwa mtu wa chuma."

Wakaenda, Mwalimu akiwa nyuma yao, mpaka kwa Mzee Mwaisumo, fundi bati, mtengeneza ndoo na majiko. Mzee aliitazama picha upande huu, akaitazama upande ule, akakata bati kama lilivyochorwa. Kisha akamwambia Gwamaka, "Vaa wewe uliyeichora."

Gwamaka akavaa juu ya shati. "Inama uokote ile ndoo," akasema Mzee. Gwamaka akainama. Vikombe vikampanda kooni. Alipokuwa akihangaika kuvishusha, Mzee akaokota gunzi la hindi, akamtupia. Likampata tumboni.

"Umekufa," akasema Mzee.

Mwalimu aliyasikia hayo. Alikuwa ameyasikia kwanza mezani kwake.

Mzee Mwaisumo alimpima Sekela mabega, kifua na mgongo, amtengenezee vazi linalovalika. Siku nne aligonga bati, akatia bawaba kwapani na kiunoni, mpaka Sekela akaweza kuinama, kuinua mikono na kukimbia hadi barabarani na kurudi. Gwamaka naye akaenda kukaa ghalani kila asubuhi na karatasi zake. Alichora jinsi Sekela anavyosimama, mikono yake, mikunjo ya macho yake anapotazama mtu asiyemjua. Alichana karatasi nyingi. Katika mwezi wa pili wa kazi hiyo akaleta Kapteni mpya, amevaa vazi la Mzee.

Jumamosi iliyofuata, wanawake watatu waliinyakua kadi ya Kapteni kwa pamoja, nusura ipasuke.

Ikabaki jina. Kadi zilitakiwa kwa mchapaji kesho yake. Wakakutana kwa Mwalimu.

"Mimi ndiye niliyemvalisha," akasema Sekela. "Ninyi nyote mliiona picha ile, mkanyamaza. Bila biki yangu angekuwa tumbo wazi hadi leo."

"Wewe ulimfunika," akasema Mzee. "Mimi ndiye niliyemvalisha. Kufunika siyo kuvalisha, hata maiti hufunikwa." Akashtuka. "Samahani, Mwalimu."

"Endelea, Mzee."

"Nimemaliza."

"Mimi ndiye niliyemvalisha," akasema Gwamaka. "Bati liko karakanani linashika kutu. Mtu akifungua sanduku la mchezo ataona brashi yangu. Ninyi mliendelea na mlichokijua. Mimi nimejifunza kuchora upya nikiwa na miaka arobaini na tano."

"Aliyemvua nguo apewe zawadi ya kumvisha!" akasema Sekela, na hata Gwamaka akacheka.

Ndipo Mwalimu akawaambia. Akawaambia Tusekile alisema nini akimenya viazi, na yeye alijibu nini akisahihisha mitihani. Hakuongeza neno.

Gwamaka akaisukuma kadi ya Kapteni mbele ya Mwalimu.

"Basi jina ni lake," akasema Gwamaka. "Yamekwisha."

"Hayajaisha," akasema Sekela. "Pole, Mwalimu. Dada Tusekile ndiye aliyenifundisha kurusha dadu. Lakini neno lake uliliketia miezi mitano, na sisi tulifanya kazi bila kulisikia. Ukimpa jina kwa kuwa amefariki, utakuwa umempa jina la msiba, siyo la kumvalisha."

"Na asingemtunga Kapteni," akasema Mzee, "wewe ungemchorea nani koti?"

Waliondoka hawajakubaliana, lakini waliondoka pamoja, na mabishano yao yalisikika mpaka kona ya barabara.

Asubuhi yake Mwalimu Ambokile alimenya viazi, akavichemsha, akavila vyote. Kisha akapeleka kadi kwa mchapaji. Chini ya Kapteni palikuwa na mstari mtupu, mrefu wa kutosha jina moja.

"Mwalimu, hapa jina limesahaulika," akasema mchapaji.

"Halijasahaulika. Weka penseli katika kila sanduku."

Sanduku ndilo hili, na penseli ndiyo hii. Mmoja alisema, asisikilizwe. Mmoja aliharibu picha ya mwenzake. Mmoja aligonga bati ambalo mchezaji hataligusa. Mmoja alikosea, akarudi mwanzo. Kanuni ya kwanza ya mchezo ni kwamba dadu hairushwi mpaka jina liandikwe. Wenzangu mlioketi mezani, mnasemaje: nani alimvalisha Kapteni?