Daktari Aliyesimama na Otilia

Kisa hiki nimetumiwa na dada yangu. Nimekisoma mara mbili, na sikuona haki ya kukaa nacho peke yangu. Hospitali msiniulize ni ipi. Mkimaliza, mtumieni mzazi yeyote anayehangaika na mtoto.

Palikuwa na mama mmoja, Skolastika, na binti yake wa miaka tisa, Otilia. Mtoto huyu akilala, mzima. Akikaa, mzima. Akisimama kwa muda, midomo inabadilika rangi, jasho linamtoka, anaanguka. Shuleni alianguka mstarini karibu kila asubuhi, kabla hata wimbo wa taifa haujaisha.

Mwalimu mkuu alimwita mama.

"Mama Otilia, huyu anajiangusha ili akwepe mstari na usafi. Usipoleta barua ya daktari mwezi huu, atabaki nyumbani."

Wakaanza kuzunguka. Daktari wa kwanza alisema damu imepungua, vipimo vikakataa. Wa pili alisema minyoo, akatoa dawa, mtoto akaendelea kuanguka. Wa tatu alipima presha, akasikiliza moyo, akacheka kidogo. "Mama, huyu hana kitu. Ni deko tu." Majirani nao hawakukosa la kusema, huyu akimtaja mganga, yule akimtaja mchungaji. Maji yalikuwa yamemfika Skolastika shingoni.

Sasa sikilizeni kosa la mama huyu, ambalo hata mimi ningelifanya. Foleni za hospitali mnazijua. Kila walipokwenda, Skolastika alitandika kanga kwenye benchi, akamlaza mtoto, miguu akaipandisha mapajani mwake, akamnywesha maji. Zamu ikikaribia alimnawisha uso, akampaka mafuta, akamfunga gauni vizuri. Mtoto hapelekwi kwa daktari akiwa hovyo! Ndivyo tulivyolelewa.

Wa nne alikuwa Daktari Mapunda, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Alipima presha, sawa. Alisikiliza moyo, sawa. Skolastika akaanza kukusanya karatasi zake.

"Ngoja kwanza," daktari akasema. "Kabla hamjaingia, mtoto alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amelala hapo kwenye benchi, daktari. Tangu saa mbili."

"Na huwa anaanguka akiwa amelala?"

"Hapana. Akisimama."

"Basi na asimame."

Daktari naye aliinuka, akasimama na mtoto, amemshika mkono penye mapigo, macho kwenye saa. Dakika tatu. Dakika tano. Nje watu wakaanza kunung'unika. Nesi akachungulia, akarudishwa kwa jicho. Dakika ya saba Otilia akasema, "Mama, naona giza," akamwangukia daktari kifuani.

Skolastika alipiga kelele. "Umemwangusha mwanangu!"

"Nimemwona mwanao," daktari akajibu, huku akimlaza taratibu kitandani. "Moyo umekwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa, naye alikuwa amesimama tu. Wenzangu walimpima mtoto ambaye wewe ulikuwa umeshamtibu kwenye benchi, kwa kumlaza na kumpandisha miguu."

Akamweleza kwamba ipo mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na presha bila sisi kuiamuru, na kwamba anadhani ya Otilia haifanyi kazi yake sawasawa.

"Ugonjwa huu mimi nimeusoma tu, sijawahi kuutibu. Sitakudanganya, mama. Nakuandikia barua uende kwa mwenzangu anayeujua. Na nyingine umpe mwalimu mkuu: mtoto huyu mstarini akae chini."

Otilia alifumbua macho. Hakuulizia dawa wala sindano. Alimtazama mama yake, akasema kwa sauti ndogo, "Umeona, mama? Sikuwa nadanganya."

Hapo Skolastika alilia mpaka daktari akageuka pembeni. Maana asubuhi ile ile, wakitoka nyumbani, alikuwa amemshika mtoto mabega akamwambia, "Otilia, kama unajifanya, niambie mimi mama yako, sitakuchapa." Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba mwanawe msamaha.

Funzo: Mtafutie mwanao daktari aliye tayari kumwona akiwa amezidiwa, na kabla hujampata daktari huyo, wewe mzazi uwe wa kwanza kumwamini mtoto anaposema anaumwa.