Folda ya Yaliyoombewa

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Neno nina mfano. Shule niliiacha darasa la saba, na kompyuta naijua kwa kuonyeshwa tu, kwa hiyo mtaalamu akisikia nimekosea anivumilie mpaka ibada iishe.

Kulikuwa na katibu mmoja wa usharika wa milimani, kule ambako ukungu huingia hadi ndani ya nyumba mchana kweupe. Watu walikuwa wakimtumia maombi yao kwa barua pepe: huyu ana uvimbe, yule mwanawe hajulikani alipo, mwingine anaogopa kupasuliwa. Kazi ya katibu ilikuwa kuzichapa barua hizo na kuwapelekea wamama wa maombi kila Jumatano, wamwombee kila mtu kwa jina lake. Mwanzoni alifanya hivyo. Kisha wino wa mashine ukaisha, na kupata mwingine ilikuwa mpaka uandike barua kwa baraza la wazee. Jumatano ile akawaambia wamama, "Wiki hii hakuna aliyeandika." Akaona ni rahisi. Jumatano iliyofuata akasema vile vile.

Ili watu wasikose jibu, akaiwekea kompyuta agizo ijibu yenyewe kila barua inapoingia: "Tumepokea ombi lako. Kanisa limepiga magoti kwa ajili yako." Barua zenyewe akazitia kwenye folda moja, akaipa jina Yaliyoombewa. Hivyo hivyo miaka sita. Nawauliza, alikuwa mtu mbaya? Alikuwa akifika kanisani mapema kuliko mimi.

Ikafika siku kompyuta ile ikachoka kabisa. Usharika ukapata mpya, akaitwa mama mmoja fundi ahamishe barua zote.

"Shikamoo, mzee. Hili dude hata panya wamelikataa."

"Marahaba. Usilitukane, mama. Limelitumikia kanisa kuliko baadhi ya wazee wetu wa baraza."

Fundi akacheka. "Haya. Hizi barua za zamani nazo tunahama nazo, au tunaziacha zife humu humu?"

Katibu alitamani sana kusema ziache. Lakini mchungaji alishaagiza zihamishwe zote, na kupinga kungezua maswali. "Hamisha zote," akasema.

Zikahamishwa. Fundi akaunganisha mtandao, akakaa pembeni na kikombe chake cha chai. Ukungu ulikuwa umeegemea dirishani kama mtu anayesubiri zamu yake. Mara kompyuta mpya ikalia, ti. Jina likatokea kwenye kioo, limekolea weusi kama barua ya leo. Mwalimu Nakijwa. Katibu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Ti. Mzee Elinihaki, yule wa uvimbe, ambaye kaburi lake lilikuwa hatua arobaini kutoka dirisha lile. Ti. Ti. Wakaendelea kupanda, wafu na walio hai pamoja, bila haraka, kama waumini wanaoingia na kukaa kwenye mabenchi.

"Mbona zinaonekana hazijasomwa?" katibu akauliza. 

"Barua zimehama, alama ya kusomwa haikuhama. Mashine inadhani wote hawa wameandika leo." Fundi akaweka kikombe chini. "Ngoja. Mzee, hii inajibu. Kuna agizo lilikuwepo, nalo limehama. Inawajibu mmoja mmoja."

"Zima."

"Nazima. Lakini zaidi ya mia mbili zimeshakwenda."

Fundi akalifuta agizo. Kisha kompyuta ikalia tena, na jina la Mwalimu Nakijwa likatokea mara ya pili. Safari hii ilikuwa barua mpya kweli. Katibu akasogeza kiti nyuma. Fundi ndiye aliyesoma:

"Mimi ni bintiye, nilibaki na anwani ya mama. Mama tulimzika mwaka juzi nanyi mlikuwepo. Alikufa anaamini mnamwombea. Leo mnasema mmepiga magoti. Kwa ajili ya nani?"

Fundi akamgeukia. "Mzee, mliwaombea hawa watu?"

"Si unaona folda imeandikwaje?"

"Nimeona ilivyoandikwa. Nakuuliza wewe."

Kabla hajajibu, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati lake. Akaitoa, akasoma: "Tumepokea ombi lako. Kanisa limepiga magoti kwa ajili yako."

Ndipo akakumbuka. Miaka minne nyuma, mkewe akiwa kitandani hospitali ya rufaa, yeye mwenyewe aliliandikia kanisa kama mtu yeyote. Jibu lilikuja papo hapo. Alijua lilikotoka, lakini hofu humfanya mtu asijue anachokijua. Akamsomea mkewe sikioni, maneno haya haya. Mkewe akasema, "Kama wananiombea, basi nimetulia." Akapelekwa kupasuliwa, akafia huko.

"Nani kakuandikia?" fundi akauliza.

Katibu akaitazama simu, akaitazama kompyuta. "Hakuna mtu," akasema. "Hakuna mtu aliyeandika."

Ndugu zangu, mfano ndio huo. Katibu angalau alikuwa na mashine ya kusingizia. Sisi maneno hayo tunayatoa kwa vinywa vyetu. Msibani, "tunawaombea." Sokoni, "nakuombea, dada." Mwenzako anakwenda kulala akitegemea magoti yako, na magoti yako hayajagusa sakafu. Hivi majina yale yote yakirudi leo, moja moja, tutayajibu nini?

Mimi nina la kwangu. Jumapili iliyopita, pale mlangoni, mama mmoja aliniambia kijana wake angepasuliwa Alhamisi. Nikamwambia, "Nakuombea, mama," na mkono wangu ulikuwa umeshashika mkono wa mtu mwingine. Alhamisi imepita, wala sikukumbuka. Mama huyo yupo hapa, benchi la tatu kutoka nyuma. Kijana anaendeleaje sijui, kwa sababu sikuuliza.

Kwaya, msiimbe bado. Nateremka kwenda alipokaa.