Nyumba Isiyofukiwa Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri, sasa sogeeni. Fungeni mlango. Apeni kwanza: neno hili halitoki humu. Mmeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyohivyo, mkono juu, na kabla sijafika kwangu nilikuwa nimeshawaambia watu watatu. Tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, ng'ambo ya bahari, palikuwa na kijiji kwenye uwanda wa majani. Majani, majani, majani, mpaka mbingu inapoinama. Mti, hata wa kijiti cha kuchokolea meno, hakuna. Watu walijenga kwa mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi. Kipupwe kikija, theluji hufika madirishani. Na upepo: vuuu! vuuu!

Sheria ilikuwa moja. Jenga, ishi mwaka mzima, karani wa ardhi aje aandike jina lako. Ardhi ni yako.

Zipora alikuwa mjane mjamzito, mwaka wake shambani umekaribia kutimia. Alikwenda kwa dada yake miezi miwili kujifungua, huku nyuma mvua ikaiangusha nyumba yake ya udongo. Aliporudi na mtoto mgongoni, akakuta nyumba ya mbao imesimama shambani mwake, na Obadia kaketi mlangoni anatafuna tumbaku.

"Karibu, mgeni," Obadia akasema.

"Mgeni? Hapa ni kwangu!"

"Mimi naishi hapa mwaka sasa. Waulize majirani."

Akawauliza. Huyu akatazama viatu vyake. Yule akakumbuka ng'ombe wake. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja, cha Obadia, naye alishawaapisha wote: atakayesema nyumba ile ilikuja lini, maji hanywi. Hata Bibi Kezia, mkongwe aliyekata bonge la kwanza la kijiji kile, aliapishwa.

Siku ya karani ikafika. Adhuhuri, watu wote uwanjani. Zipora asipoandikwa leo, kipupwe kitamkuta wapi na kichanga?

Karani akakagua. "Mlango upo. Dirisha lipo. Jiko lina masizi. Kitanda kipo. Nani anapinga?"

Watu wakakitazama kisima. Vuuu!

"Bibi Kezia," Zipora akasema, "hata wewe?"

"Niliapa, mjukuu wangu. Kiapo ni kiapo."

Obadia akacheka. Karani akachovya kalamu kwenye wino.

"Ila ngoja kidogo, bwana karani." Bibi Kezia akaizunguka nyumba, fimbo ko! ko! ko! Akainama. "Obadia, kipupwe umekimaliza humu?"

"Chote, Bibi."

"Mbona miguu ya nyumba haijafukiwa udongo? Upepo umepita chini ya sakafu, theluji imelala nawe kitandani, na baridi haijakukata hata sikio moja?"

Watu wakabana vicheko.

"Mimi baridi siisikii!"

"Dume kweli! Lakini desturi yetu ni majirani kumfukia mwenzao miguu ya nyumba. Haya, wanaume, majembe! Na hii pembe imelala upande. Leteni lile gogo tulilonunua mjini, iinueni."

"Iacheni nyumba yangu!" Obadia akaruka.

Karani akamtazama Obadia, akatazama pembe. Kalamu ikabaki hewani. "Inueni," akasema.

Gogo likaingia. Hima! Kwiii! Hima! Kwiii! Pembe ikapanda.

Zipora akapiga magoti, akachungulia. Maharage! Mstari wake wa maharage, alioupanda kwa mkono wake kabla hajaondoka. Yamelala, lakini mabichi, mengine na maua. Kando yake, magurudumu manne yamefungwa chini ya sakafu, tope halijakauka.

"Maharage yangu, bwana karani! Njoo uone!"

"Mimi niliapa kutosema," akasema Bibi Kezia. "Maharage hayakuapishwa na mtu."

Hapo mmoja wa walioshika gogo akapiga kelele: "Ililetwa wiki jana! Kwa farasi sita! Na kisima akifunge, tutachimba chetu!"

Karani akaandika: Zipora. Watu wakamgeukia Obadia. Alikuwa amelala kifudifudi, analifunika gurudumu kwa kofia yake. Gurudumu kubwa, kofia ndogo, na kijiji kizima kinamtazama.

Hapohapo ndipo ninapoiacha ngano yangu, na yeye bado kakumbatia gurudumu. Kiapo cha kumfichia mwizi ni kaa la moto, usilifumbate. Chenu mlichoniapia ni kingine, kitunzeni. Na mkishindwa, jina msikosee: Obadia.