Maiti Aliyetoka Jasho

Penye vilio vingi, mtafute aliyenyamaza.

Bibi yenu amewatupia maneno hayo leo mchana, mlipokuwa mkigombania mapaja ya kuku huku mwenzenu Tulinagwe amekaa na sahani tupu, hasemi kitu. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza aliyeyasema kwanza ni nani. Mnadhani methali zote zilitungwa na watu waliokufa kabla ya barabara ya lami. Hii mimi nimeizidi umri. Ilizaliwa mbele ya macho yangu, na nusu ya aibu yake ni yangu.

Nilikuwa koplo wakati huo. Majeshi ya nchi tano yalikusanywa kwenye uwanda wa Enkarooni kufanya mazoezi ya pamoja, maana baada ya wiki chache tungepelekwa kulinda amani katika nchi iliyokuwa ikiwaka moto. Wajukuu zangu, sijapata kuona kitu kama kile. Mahema yalienea mpaka vilimani. Asubuhi bendera tano zilipanda pamoja, nyimbo tano za taifa zikapigwa moja baada ya nyingine, na maelfu ya watu tumesimama wima, hakuna hata anayekohoa. Nywele zilinisimama.

Ili zoezi lifanane na kweli, kilijengwa kijiji cha mabati na maturubai, wakaajiriwa wafugaji wa jirani waigize wanakijiji waliovamiwa. Walipakwa rangi nyekundu wakafundishwa kupiga mayowe. Wote walikubali isipokuwa mzee mmoja, Parmuat.

"Mimi nilisimama mbele ya kisu cha jando sikupepesa jicho," alisema. "Leo nilie mbele ya wanawake wa boma langu, kesho nitakaa wapi?"

Kanali aliyesimamia zoezi alicheka sana. Akamvika shingoni kadi iliyoandikwa AMEKUFA.

"Basi lala tu, Mzee. Usitikisike mpaka filimbi ilie."

"Sitatikisika," Mzee Parmuat akaahidi, akajilaza kwenye majani nyuma ya kibanda, kajifunika shuka lake.

Saa nne helikopta zikatokea, ardhi ikatetemeka, moshi ukatanda. Kila kikosi kilipewa dakika ishirini kuokoa majeruhi, na waamuzi walisimama pembeni na saa zao. Kikosi chetu kilichanganya watu wa nchi zote tano, nami nilitaka kionekane bora. Tukawakimbilia waliolia zaidi. Kulikuwa na mama mmoja aliyelia kwa ustadi mpaka nusura nilie naye. Tukambeba, tukarudi mbio kumchukua mwingine. Njia yetu ilipita nyuma ya kibanda alipolala Mzee Parmuat, nami nikamruka mara mbili. Wa kufa amekufa, nikajisemea.

Muuguzi wetu alikuwa Sajini Kabasinguzi, mwanamke wa Uganda, mpole wa maneno. Mara nikamwona kapiga magoti kando ya yule maiti.

"Sajini, huyo kafa!" nikapaza sauti. "Si hiyo kadi unaiona? Tunapoteza muda!"

Hakugeuka. "Maiti hatoki jasho, Koplo."

Alimgusa shingo. Akalifunua shuka taratibu, nami nikaona mguu wa Mzee umevimba kama gogo, ngozi imevutika na kung'aa, na juu ya kifundo matundu mawili yakivuja damu. Nyoka mnene, kifutu, alikuwa amejikunja hatua tatu tu kutoka hapo. Macho ya Mzee yalikuwa wazi, ameuma ukingo wa shuka, na jasho linamtiririka mpaka masikioni.

Tulikuwa tumefundishwa neno moja la kusimamisha kila kitu ikitokea hatari isiyo ya kuigiza. Kabasinguzi akainuka, akalipaza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Kweli! Kweli! Kweli!"

Neno likapokewa kutoka kikosi hadi kikosi, mpaka ng'ambo ya uwanda. Bunduki zikanyamaza. Waliokuwa wakipiga mayowe wakakatiza katikati. Helikopta iliyokuwa ikiigiza adui ikageuka, ikatua karibu yetu kwa utulivu wa ajabu. Watu elfu tatu walisimama kimya kwa ajili ya mchunga ng'ombe mmoja, na mimi niliogopa, kama mtu anavyoogopa akiingia mahali patakatifu.

Tulimbeba askari wanne, kila mmoja na bendera yake begani. Kanali alikuja mbio, kavua kofia.

"Mzee, mbona hukuita mtu?"

"Nilikuwa nimekufa," akajibu kwa taabu. "Na filimbi haijalia."

Hakuna aliyecheka. Baadaye nilimuuliza Kabasinguzi alijuaje.

"Anayelia ana pumzi ya kulilia," alisema. "Mimi huanza na wasio na sauti."

Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwapo kwenye hospitali ya kambi, ikawahi. Siku ya kuondoka kwetu, Mzee Parmuat alikuja na fimbo yake, akichechemea, kutuaga. Nilitoka kwenye mstari bila ruhusa nikamwendea.

"Mzee, nisamehe. Siku ile nilikuruka mara mbili."

"Mara ya kwanza uliruka," alisema. "Mara ya pili ulinikanyaga."

Akaninyooshea mkono wa kushoto. Kucha mbili hazikuwapo. Nikakumbuka, wajukuu zangu. Nilikuwa nimehisi kitu laini chini ya buti, nami sikutazama chini. Machozi yalinitoka palepale mbele ya kikosi kizima, na yeye aliyekanyagwa hakuwa amelia.

Mzee akanishika bega kwa mkono uleule.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu ya kadi na heshima yangu," alisema. "Huko mnakokwenda, watu wamenyamaza kwa sababu walilia, hakuna aliyekuja. Usisubiri wakuite, mwanangu. Penye vilio vingi, mtafute aliyenyamaza."