Aya ya Kitanda cha Tisa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi hudhani methali hii ni ya homa na majipu tu, ya mtu anayejikaza huku mwili unakwisha. Kumbe kutojua nako ni maradhi, tena dawa yake haiuzwi dukani: ni kumwendea anayejua na kumwambia, "Sijui, nifundishe." Lakini dawa hiyo ni chungu mno kwa mtu aliyezoea kuitwa mkubwa. Mama Wodi alikataa kuinywa, na ole wangu, aliyekufa si yeye.

Mama Wodi lilikuwa jina alilopewa na wagonjwa. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na alikuwa ameitumikia kwa miaka ishirini na miwili. Mikono yake ilijua kazi. Akimgusa mtu shingoni kwa kiganja aliitambua homa kabla ya kipimo, na akisikia mgonjwa anavyokohoa alijua kama ni vumbi au ni balaa. Kiingereza alikisoma na kukielewa vyema. Ila kukaa chini na kupanga aya ya Kiingereza kutoka kichwani mwake, hapo ndipo maji yalipomfika shingoni.

Na hospitali ile ilikuwa na sheria yake. Madaktari walitoka nchi mbalimbali, na siku za nyuma palizuka ugomvi mkubwa wa "nilikwambia" na "hukuniambia". Matroni, mkuu wa wauguzi wote wa hospitali, akapiga marufuku kukabidhiana zamu kwa mdomo. Kila mgonjwa aandikiwe aya moja ya Kiingereza katika daftari la wodi, na anayeingia zamu asome, basi.

Mama Wodi alipigaje chenga miaka yote hiyo? Mwenzake mmoja aliyestaafu alimwachia kijidaftari chenye aya saba zilizokwisha andikwa. Palikuwa na ya mgonjwa aliyelala vizuri, ya aliyetapika, ya aliyetoka kupasuliwa, na kadhalika. Kila siku saa nne asubuhi, saa nane ya kubadilishana zamu ikiwa bado mbali, Mama Wodi alikitoa kijidaftari mfukoni, akanakili na kubadilisha namba za vitanda tu. Wagonjwa wengi walipona, aya zikaonekana za kweli, na naye akazidi kuheshimiwa.

Kisha akaja muuguzi kijana ambaye wagonjwa walimwita Kalamu, kwa kuwa daima alichomeka kalamu katika nywele zake. Binti huyu aliandika vizuri, na hakuwa mchoyo. Kila Jumatano, zamu ya asubuhi ikiisha, aliwakusanya wenzake katika chumba cha mashuka akawafundisha kuandika aya. Mama Wodi hakuingia. Alisimama nje ya mlango akijifanya anahesabu foronya, masikio yote yakiwa ndani.

"Aya ni nyumba," Kalamu alikuwa akisema. "Sentensi ya kwanza ndiyo mlango. Mtu akisimama hapo tu ajue hii ni nyumba ya nani na ndani kuna nini. Zinazofuata ni ushahidi: umeona nini, saa ngapi. Mwisho useme umefanya nini na kipi kifanywe. Halafu jamani, msimlaze mgeni wa nyumba hii katika nyumba ya jirani!"

Wenzake walicheka. Mama Wodi naye alitabasamu peke yake pale nje, maana alielewa kila neno, na moyo ukamwambia, ingia. Lakini Kalamu akasema, "Haya, kila mtu aandike yake, nitapita nisome." Mama Wodi alizibwaga foronya rafuni akaondoka mbio. Yeye asomewe makosa na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa tayari amevaa sare? Thubutu!

Siku chache baadaye alilazwa fundi seremala aliyeanguka kutoka kwenye paa akavunjika mguu. Alifungwa plasta ngumu kuanzia pajani hadi vidoleni, akalazwa kitanda cha tisa. Alikuwa mcheshi, mwenye mke na watoto watatu wadogo. "Mama Wodi," alimwambia siku ya kwanza, "ukinichoma tena sindano kama ile, nitakutengenezea kiti cha miguu mitatu." Mama Wodi alicheka hadi machozi yakamtoka.

Jumanne mzaha ule ulikwisha. Saa sita mchana Mama Wodi alimkuta fundi anatokwa jasho, ameng'ata pembe ya shuka. Mkewe, aliyekuja kumtazama, alikuwa amemshika mkono. Mama Wodi aliinama akavigusa vidole vilivyotokeza kwenye plasta. Vilikuwa baridi kama vyombo vya bati, na rangi imegeuka. Alimfinya kidole gumba.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, mama. Nasikia huku juu tu, kama nakatwa."

Mikono ya Mama Wodi ilijua mara moja. Plasta ilikuwa imebana, damu haishuki, na isipopasuliwa mchana ule mguu utakufa. Alikimbia hadi chumba cha upasuaji. Muuguzi wa mlangoni alimzuia.

"Daktari yuko ndani, tumbo la mtu liko wazi. Andika daftarini, akitoka anapitia wodi yako."

Mama Wodi alirudi akafungua daftari. Lo! Aya ya kitanda cha tisa ilikuwa pale tangu saa nne, kwa mwandiko wake mzuri: mgonjwa amelala vizuri, hana malalamiko. Chini yake ilifuata aya ya kitanda cha kumi, ya mzee mwenye vidonda vya miguu. Ilimpasa aifute ya tisa na kuandika mpya, ya kwake mwenyewe, yenye mlango na vyumba. Alishika kalamu. Neno la kwanza halikuja. Jasho likaja.

"Dada, nikusaidie?" Kalamu alikuwa amesimama nyuma yake.

Kwa nini hakusema ndiyo? Neno moja tu! Badala yake alilifunika daftari kwa mkono.

"Nilikuwa naandika ripoti wewe ukinyonya. Nenda kabadilishe mashuka."

Kalamu aliondoka. Mama Wodi alipekua kijidaftari, akapata sentensi moja inayofaa: vidole vya mguu ni baridi na vimebadilika rangi. Chini ya aya ya tisa hapakuwa na nafasi. Nafasi ilibaki mwisho wa aya ya kumi, nusu mstari. Akaichomeka hapo, akajiambia daktari ni msomi, ataelewa. Saa nane ilipogonga alitundika koti lake jeupe, akaenda nyumbani.

Muuguzi wa zamu ya mchana alisoma. Alimwendea mzee wa kitanda cha kumi, ambaye miguu yake ilikuwa baridi siku zote, akamwongezea blanketi. Daktari alipita jioni akiwa amechoka, akasoma mwanzo wa kila aya, akafika kwa fundi anayelia. "Asubuhi alikuwa salama," alisema, akamwandikia dawa ya maumivu. Fundi akasinzia. Plasta ilipasuliwa kesho yake asubuhi, baada ya Mama Wodi kurudi zamu na kupiga kelele ipasuliwe, na harufu iliyotoka ilimfanya kila mtu ageuze uso. Ijumaa walimkata mguu. Sumu ilikuwa imekwisha ingia katika damu, na Jumapili akafa.

Mkewe hakupiga mayowe. Alikwenda ofisini kwa Matroni akasema, "Nataka nisomewe kilichoandikwa. Kwa lugha ninayoielewa." Matroni aliwaita wote wa zamu ya asubuhi ya Jumanne, akamsukumia Mama Wodi daftari. "Mwandiko ni wako. Msomee."

Mama Wodi alisoma, akitafsiri. "Mgonjwa wa kitanda cha tisa... amelala vizuri. Hana malalamiko."

"Alikuwa ameng'ata shuka," mjane alisema. "Ulimwona. Ulimfinya kidole. Endelea."

"Mgonjwa wa kitanda cha kumi, vidonda vyake vimesafishwa, amekula. Vidole vya mguu ni baridi na vimebadilika rangi."

"Vidole vya nani?"

Kalamu alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea magotini.

"Vya nani, mama?"

"Vya mume wako."

"Mbona umeviandika kwa mtu mwingine?"

Mama Wodi alitia mkono mfukoni, akatoa kijidaftari kilichochakaa pembe, akakiweka mezani mbele ya Matroni, mbele ya wasichana aliowazoeza kazi, mbele ya mjane. "Sijui kuandika aya," alisema. "Sijawahi kujua. Niliona haya."

Mjane alikitazama kijidaftari kile, kisha akamtazama yeye. "Maneno hayo," alimwambia, "ungeyasema Jumanne, ningekuwa na mume."

Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka kurudi kwa watoto wake matangani. Mama Wodi alibaki amesimama, na hakuna aliyemwambia pole. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua, hata kikiwa kifo cha mwingine.