Siku Tunu Alipokwenda Tata

Hadithi imefika mlangoni.

—Ifungulieni.

Imekuja na watoto wake.

—Watandikieni mkeka.

Na mmoja kati yao analia.

—Mpeni uji, tusikilize.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na Pimbi na mkewe. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia wa kujivunia, kazi yake kukaa juu ya majabali akiota jua. Ukimwona kwa mbali utasema ni panya aliyealikwa harusini. Basi pimbi hawa waliishi miaka mingi bila mtoto. Wakaomba, wakanywa mizizi, wakaomba tena. Mwishowe mtoto akaja, wa kike, wakamwita Tunu.

Toka siku hiyo yule bwana akawa haitiki akiitwa Pimbi. Ukimwita Pimbi, anatazama mawingu. Ukimwita Baba Tunu, anaitika hata kama uko ng'ambo ya mto na hukumwita yeye.

Mtu akipata mtoto wa kwanza hudhani yeye ndiye aliyevumbua watoto. Nyinyi wenye watoto msinikazie macho, nasema niliyoyaona.

Tunu akacheka kwa mara ya kwanza. Alicheka kweli au tumbo lilimcheza tu, hatujui. Baba Tunu akapanda juu ya jabali, akajaza kifua, akapiga kelele, kwiii, kwiii, mtoto kacheka! Majirani wakaja, Mama Tunu akapika, watu wakala.

Tunu akakaza shingo. Baba Tunu akapanda juu ya jabali, kwiii, kwiii, mtoto kakaza shingo! Majirani wakaja, Mama Tunu akapika, watu wakala.

Tunu akakaa kitako bila kuegemezwa. Baba Tunu akafanya nini?

—Akapanda juu ya jabali.

Naona mnamjua. Akapanda, kwiii, kwiii, mtoto kakaa kitako! Majirani wakaja, Mama Tunu akapika, lakini safari hii hawakula. Maana chini kule bondeni alikuwa akiishi Simba, na Simba ana masikio kama sisi. Akasikia kelele, akasikia harufu ya nazi, akaja, ndu, ndu, ndu. Majirani wakapotea kwenye nyufa za mawe kama maji. Simba akaketi mbele ya sinia. Akala wali, kapu, kapu, kapu. Akala samaki, kapu, kapu, kapu. Akala ukoko, akalamba sufuria, akauliza kama kuna kingine, akaondoka bila kunawa.

Simba huyu alikuwa mlafi wa ajabu. Wenzake wanakula nyama, yeye anakula chochote kisichomkimbia, na kinachomkimbia anakifuata.

Tunu akaota jino, kelele zikapigwa, Simba akaja, kapu, kapu, kapu. Tunu akatambaa, kelele zikapigwa, Simba akaja, kapu, kapu, kapu. Mama Tunu akamwambia mumewe kwa upole kwamba mtoto anaweza kukua hata bila ya bonde zima kuarifiwa. Baba Tunu akasema ni kweli, mke wangu, ni kweli kabisa. Halafu Tunu akapiga makofi, na bwana yule akaonekana yuko juu ya jabali.

Siku ile ya makofi Simba alimaliza sinia, akamtazama mtoto. Alimtazama sana. Tunu alikuwa ananawiri, mashavu tele, mikunjo mapajani. Simba akajifuta mdomo.

"Mama Tunu," akasema, "mtoto wako nimempenda. Sasa hivi bado mdogo, ataniishia kwenye meno. Siku atakayokwenda tata nitakuja kumchukua. Akishakwenda tata, atakuwa ameiva."

Akaenda zake, ndu, ndu, ndu.

Wale wawili walilia. Wangemficha wapi? Simba alikuwa na pua. Wangehamia wapi? Pimbi hana kwao pengine ila kwenye mawe. Wakapatana jambo moja: Tunu akianza kutembea, kimya. Asiambiwe jirani, asiambiwe bibi yake, isisikike hata kikohozi. Baba Tunu akaapa kwa mkono juu ya kifua.

Tunu akasimama dede, kashika kanga ya mama yake, magoti yanatetemeka. Baba Tunu akajiuma kidole, akatoka nje akatembea akarudi. Hakusema. Mama Tunu akampa pole.

Asubuhi moja jua lilikuwa limeshapanda, Tunu akaiachia ile kanga. Akatoa mguu, ta. Akatoa mwingine, ta. Ta, ta, ta, akaja mpaka kwenye tumbo la baba yake, akaanguka juu yake anacheka.

Mama Tunu akamtazama mumewe, akatikisa kichwa. Baba Tunu akafumba mdomo. Akauziba kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili. Mashavu yakamvimba. Machozi yakamtoka. Jamani, ni mtoto aliyengojewa miaka, anatembea, na baba hana ruhusa ya kumwambia hata kobe. Miguu ikamchukua yenyewe mpaka juu ya jabali.

Kwiii! Kwiii! Mtoto kaenda tata!

Aliposikia sauti inamrudia kutoka upande wa pili wa bonde, ndipo alipojua alichofanya. Akashuka amelegea kama kitambaa cha jikoni, akakaa chini, akamwambia mkewe ampige.

Mama Tunu hakuwa na wakati wa kumpiga. "Umeshaalika," alisema, "sasa niwashie moto." Akamfunga Tunu mgongoni, akapekua sanduku, akatoa kanga zake zote, hata za harusi. Akapika wali wa nazi, akapika samaki wa kupaka, akapika ndizi, akapika maandazi, akapanga masinia mlangoni. Kisha akamlaza mtoto ndani kabisa ya pango, akajipangusa jasho, akangoja.

Ndu, ndu, ndu.

"Shikamoo, Bwana Simba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Mama Tunu akasema mtoto amelala, akiamka amchukue, nani atamzuia. Akampisha kivulini, akampepea. Halafu akamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Wewe ulipokwenda tata, walikupikia nini kwenu?"

Simba akafikiri. "Hawakunipikia. Baba alikuwa amelala. Mama alikuwa ameenda kuwinda."

"Na ulipoota jino la kwanza?"

"Hakuna aliyeliona," akasema Simba, na sauti yake ilishuka kidogo.

Mama Tunu akamwonea huruma. Kweli akamwonea. Kisha akakumbuka nani amelala ndani ya pango, huruma ikamwisha.

Akamweleza kwamba masinia ya pimbi yana wenyewe. Sinia la kunyolewa huliwa na aliyenyolewa, sinia la kubebwa huliwa na aliyebebwa, na kadhalika mpaka mwisho wa mwaka. Yeye Simba siku zote amekula masinia ya Tunu, ya mtoto wa mwenzake, ndiyo maana kila akimaliza anajiona hajashiba. Simba akagutuka. Ni kweli, hajawahi kushiba. "Leo tukufanyie mwaka wako wewe," akasema Mama Tunu, "masinia yote haya yawe yako kwa haki. Halafu mtoto wangu utamla juu yake."

Simba akayatazama masinia. Akatazama mlango wa pango. Kwa nini mtu achague kimoja, na viwili vipo?

"Tunaanzia wapi?" akauliza.

"Tunaanza na arobaini. Mtoto akifika arobaini hunyolewa nywele."

Simba akashika manyoya ya shingo yake. Akasema haya hakuzaliwa nayo, yalimjia ukubwani. Mama Tunu akashangaa sana, akamwita mumewe aje asikie. "Unaona? Hawakumnyoa za kwanza, zikaota mpaka zimemfunika shingo." Baba Tunu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Simba akaona haya, akainama.

Pimbi ana meno mawili marefu mbele, makali kama kijembe. Baba Tunu akashika upande wa kushoto, Mama Tunu upande wa kulia, kwaru, kwaru, kwaru. Manyoya yakaanguka mafungu mafungu, upepo ukayabeba. Chini yake kilitokea kichwa kidogo, cha mviringo, chenye masikio mawili makubwa. Baba Tunu akageuka upande asionekane anacheka.

Akapewa sinia lake la kunyolewa. Kapu, kapu, kapu. Akasema leo wali umekolea.

"Sasa umekaza shingo," Mama Tunu akasema, "kwa hiyo utafungwa mbeleko ubebwe."

Simba akauliza ni nani hapo wa kumbeba. Mama Tunu akamwambia mtoto haulizi, mtoto hufungwa. Akalala chali. Wakamviringisha kanga ya kwanza, mikono ndani. Wakamviringisha ya pili, miguu ndani. Wakaongeza za harusi, Baba Tunu anavuta huku kaweka mguu kwenye ubavu, kaza, kaza, fundo juu ya fundo, mpaka ikabaki sura tu. Simba akasema pamembana. Mama Tunu akasema wote hulalamika hivyo mwanzoni, baadaye hulala.

Hapo ndipo majirani walipofika.

Walisikia mtoto kaenda tata, wakajivika, wakaja, kila mmoja na kijizawadi chake. Bi Nungunungu mbele, mama wa watoto wengi, mjuzi wa kila kitu. Mzee Kobe nyuma, na Digidigi na mkewe. Wakakuta kitu kikubwa kimefungwa kanga kando ya mlango, kina upara na mashavu.

Nyinyi mnajua adabu ya kwenda kumwona mtoto. Hata awe vipi, unasema nini?

—Mzuri!

Wakasema mashaallah, mzuri. Mke wa Digidigi akasema kafanana na baba yake, Baba Tunu akanuna kidogo. Mzee Kobe akauliza ni wa lini, mbona hawakuarifiwa. Bi Nungunungu akambana Simba shavu.

Simba akanguruma, mawe yakatetemeka.

"Huyo ana chango," akasema Bi Nungunungu. "Nimelea, najua. Mpindueni."

Wakampindua. Akanguruma, mke wa Digidigi akasema ni njaa. Akanguruma tena, akapakwa mafuta ya nazi utosini. Alipopanua mdomo awaambie yeye ni nani, Bi Nungunungu akachungulia ndani, akasema ameota meno yote kwa pamoja, masikini, ndiyo maana analia, akammiminia kikombe cha maji ya mwarobaini. Mnayajua maji ya mwarobaini. Simba alilia machozi.

"Nifungueni," akasema alipopata pumzi. "Mimi ni Simba."

Majirani wakacheka. Simba wanamjua, Simba ana nywele.

Mama Tunu akasogea karibu na sikio lake. Akamwambia mtoto akishafungwa mbele ya watu hafunguliwi mpaka aseme neno lake la kwanza. Si kila neno linakubaliwa. Ni lile wanaloanza nalo watoto wote.

Simba akakaza misuli, mafundo yakakaza zaidi. Akatazama masinia yaliyobaki, yanapoa. Akamwona Bi Nungunungu anajaza kikombe cha pili.

"Mama," akasema.

"Sema kwa sauti, wakusikie."

"Mama."

Vigelegele vikapigwa mpaka bondeni. Mama Tunu akaitika, abee mwanangu, akaingia pangoni, akamtoa Tunu kamshika mkono. Ta, ta, ta, mpaka mbele ya pua ya Simba. Tunu akaona kichwa kile cha upara, akakipiga kofi, akacheka.

"Majirani, mmesikia kaniita nani," akasema Mama Tunu. "Basi huyu Tunu ni mdogo wake. Na mtoto wa nyumba hii anamlinda mdogo wake, hamli. Au nimekosea?"

Mzee Kobe akasema hakukosea. Bi Nungunungu akasema hakukosea. Simba akawatazama mmoja mmoja, akamtazama yule mtoto. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakukosea.

Wakamfungua. Akala masinia yaliyobaki, akasaidiwa na majirani, akashiba kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akarudi bondeni na upara wake. Manyoya yaliota tena, sura ikarudi, wanyama wakamwogopa kama zamani. Ila akipita chini ya majabali, huinamisha kichwa na kuharakisha, na sauti humfuata kutoka juu.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Ukirudi umletee mdogo wako ndizi."

Na huleta.

Hadithi inavaa viatu.

—Isindikizeni.

Imesahau mtoto mmoja.

—Atalala kwetu.

Funzo lake? Funzo ni hili, na nyinyi wazazi wapya mlishike: mtoto wako akicheka, akiota jino, akienda tata, funga mdomo wako. Kelele ndizo zilizomwita Simba. Wewe unayesema kelele hizo hizo ndizo zilizowaita majirani, nani kakuuliza? Funga mdomo. Mimi mwenyewe nimelishika funzo hili. Mjukuu wangu ameota jino juzi, na sijamwambia mtu yeyote. La chini, upande wa kushoto, jeupe kama punje ya mchele. Anayetaka kuliona aje kesho asubuhi, ubwabwa utakuwepo.