Sifuri za Kishanda

Kokubanza aliziona sifuri kwanza. Zilijipanga ubaoni thelathini kamili, kama mayai ya trei moja, na juu yake paliandikwa: Kishanda, Muleba. Akashusha dasta bila kufuta.

Kazi yake ilikuwa kusafisha madarasa ya chuo kikuu kimoja mjini Bukoba. Aliishia darasa la tano, na kila alipoulizwa jambo na wasomi alijibu, "Sijui," hata kama alijua. Aliamini kwamba akili hukaa kwa wenye vyeti.

Daktari Rutaihwa, mwalimu wa saikolojia na takwimu, akaingia na wanafunzi wake. Walikuwa wamewauliza wanawake waliojifungua mwaka ule Kishanda na Ngenge, thelathini kila kijiji: kwa wiki, ni siku ngapi wanalia au kukosa usingizi kwa mawazo? Majibu yangeamua mshauri wa kina mama apelekwe kijiji gani.

"Wastani wa Kishanda ni sifuri," alisema Daktari. "Basi mshauri aende Ngenge."

"Kishanda wanakula ndizi na kulala," mwanafunzi mmoja, Mujuni, akatania, darasa likacheka.

Kokubanza hakucheka. Dada yake Annastella alikuwa ameolewa Kishanda, na tangu ajifungue alikuwa akilia hata asiweze kunyonyesha. Naye alikuwa mmoja wa sifuri zile.

"Dada, mbona hujafuta ubao?" aliuliza mwanafunzi aitwaye Judica. "Au siku hizi na wewe unasoma takwimu?"

Kokubanza akayatazama maji ya ndoo yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mliwauliza wapi?"

"Nyumbani kwao. Tulitandikiwa mkeka."

"Na mama mkwe alikuwa wapi?"

Judica akafikiri. "Pale pale. Ndiye aliyetupa kahawa ya kutafuna."

"Waitu, ndugu zangu, mkamwana gani atasema analia, na mama mkwe anatafuna kahawa pembeni? Atakuwa ameitukana nyumba."



"Sasa tukawaulize wapi, juu ya miti?" Mujuni akauliza, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Rweya," alisema Kokubanza. "Kule mbugani wanakokata nyasi za kutandika ndani. Wakiwa huko hawana mkwe wala mume. Wanaongea mpaka wanasahau kufunga matita."

Daktari Rutaihwa akavua miwani. "Nimefundisha wastani miaka kumi na miwili," alisema taratibu. "Sikuwahi kufundisha mama mkwe." Akairudisha mkobani taarifa ya kumpeleka mshauri Ngenge.

Jumamosi walikwenda Kishanda wakiwa na miundu mikononi, Kokubanza akiwa mbele. Waliwaeleza wanawake walichojia, kisha wakainama kukata nyasi pamoja nao. Mujuni alikata vibaya, wakamcheka mpaka wakamzoea. Judica alipouliza swali lile lile, Annastella hakuinua kichwa.

"Siku zote saba," alisema.

Mwenzake aliyekuwa karibu akaacha kukata. "Kumbe na wewe?"

Kufikia jioni, sifuri kumi na saba zilikuwa zimegeuka namba nyingine. Ngenge nako wakauliza upya, mbali na masikio ya wakwe. Mshauri, mama mmoja aitwaye Benigna, akapangiwa wiki moja Kishanda na nyingine Ngenge. Mwezi wa pili wa ziara za Benigna, Annastella alimpigia mdogo wake simu kumweleza kwamba alikuwa amelala usiku kucha, na mtoto ananyonya vizuri.

Muhula mpya ulipoanza, Daktari Rutaihwa alichora ubaoni sifuri thelathini. "Nani anajua kwa nini namba hizi zilitudanganya?" akawauliza wanafunzi wapya.

Mlangoni alisimama Kokubanza na ufagio wake. Lile neno lake la zamani lilimfika kooni, akalimeza. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya ubao wowote:

"Mimi ninajua."

Daktari akamnyooshea chaki, naye akaenda kuipokea. Maana akili ni nywele, kila mtu ana zake.